Hadithi ya Mtu wa Mikate

Jumatatu, 4 Agosti

Watu wanane leo kwenye salle, ukumbi wa parokia. Vumbi la mtaa wa Majengo limeingia hadi kwenye boksi la chaki. Nimeanza na maisha yangu mwenyewe, kama kawaida. Mwalimu wa watoto wadogo Butembo miaka kumi na miwili. Nikakimbia vita. Nikauza vitenge Goma, nikashindwa vibaya. Sasa nasaidia watu waliopoteza kazi kutafuta nyingine. Nikifika pale niliposhindwa ndipo wanainua uso. Kisha kila mmoja anaeleza yake. Kazi yangu yote ni hiyo. Mtu akisikia mwenzake alivyovuka, naye anathubutu.

Leo walikuwa wazito. Yule aliyefanya kazi banki anasema itafunguliwa tena, anangoja. Dereva anasema shirika lake litarudi. Mama aliyekuwa anafagia uwanja wa ndege anatazama sakafu tu. Basi nikawasimulia mtu mmoja niliyemsaidia, mtu wa mikate. Walicheka, wakaamka, wakaanza kuuliza maswali. Nilirudi nyumbani nikijisifu peke yangu njiani.

Jumanne, 5 Agosti

Mama wa uwanja wa ndege alinifuata bombani. "Mama Kavira, ule mutu wa mikate, haiko ule wa Lac Vert? Ule mwenye anahesabuka na Lingala?"

Nikasema hapana. Haraka mno. Aliona.

Jumatano, 6 Agosti

Naandika ili nione vizuri nilichofanya.

Mtu wa mikate alikuwa polisi. Mji ulipochukuliwa na waasi, Januari, alizika nguo zake za kazi. Machi alikuja kwangu kutafuta kazi nyingine. Vikao saba. Shemeji yake akamfundisha kuoka, na sasa ana tanuri lake, mke na watoto wawili. Majirani wanadhani alikuwa mchuuzi Kisangani. Watu wenye silaha wanaotafuta walio kama yeye wako mjini, wanaingia nyumba kwa nyumba. Wakimchukua, mkewe hatajua hata aende kuuliza wapi.

Nina sheria mbili kabla ya kumsimulia mtu mbele ya wengine. Naomba ruhusa yake. Nafuta kila kinachomtambulisha. Ruhusa sikuomba, maana sikupanga, ilinitoka tu. Kufuta, nilifuta. Jina sikutaja. Badala ya mtaa wake, Lac Vert, nilisema Kanyaruchinya. Badala ya polisi nilisema mlinzi. Lakini niliacha zile nguo zilizozikwa. Na niliacha kwamba hadi leo, akitoa mikate tanurini, anahesabu kwa Lingala. Niliacha kwa sababu hapo ndipo watu wanacheka.

Lingala hapa kwetu ni lugha ya kambi za jeshi na polisi wa serikali. Mtu akihesabu kwa Lingala tu, sawa, pengine ameishi mbali. Akiwa pia amezika nguo, nani Goma hajui ni nani? Nimeishi mji huu miaka tisa. Nilijua. Nilipenda kicheko kuliko yule mtu.

Hata humu siandiki jina lake. Daftari hili linalala ndani ya gunia la maharage.

Ijumaa, 8 Agosti

Yule wa nane. Nilikuwa sijamfikiria hata kidogo.

Alikuja Jumatatu kwa mara ya kwanza. Koti la bluu. Alikaa karibu na mlango. Alisema anataka kubadili kazi, hakusema anatoka kazi gani. Wote walipocheka, yeye hakucheka. Mwishoni aliniuliza mtu wa mikate anapatikana kila siku, au siku gani. Nilidhani ni hamu ya kujifunza.

Jumatano hakuja, na leo tena hakuja. Nimewauliza wote, hakuna anayemfahamu. Namba ya simu aliyoandika kwenye orodha haipatikani. Naogopa.

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kumpigia mtu wa mikate. Simu zinakaguliwa barabarani.

Naweza kunyamaza. Tangu asubuhi nawaza hilo tu. Pengine hakuna kitu. Pengine yule wa koti ni mtu wa kawaida. Nikienda, naweza mimi mwenyewe kuwaonyesha njia. Sababu nzuri kabisa hizo, na zote ni za mtu mwoga.

Nimechoma kurasa za vikao vyake jikoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wake. Nilimwambia siku ile aandike bila hofu, hapa ni mahali salama. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Lac Vert. Kizuizi kimoja barabarani. Mwenye bunduki alipekua mkoba, akafungua Biblia, akauliza naenda wapi. Kununua mikate. Ilikuwa kweli, na ilisikika kama uongo. Aliniruhusu. Dereva wa moto aliniuliza kama naumwa.

Mtu wa mikate alifurahi kuniona. Hilo ndilo baya kuliko yote. Alinipa mkate wa moto kabla sijafungua mdomo. Nikamweleza nikiwa nimesimama, nao mkononi. Yote, pamoja na kicheko. Nilikuwa nimeandaa kusema kwamba mtu fulani alinisikia kwa bahati mbaya. Sikusema.

Hakupiga kelele. "Mama, ile maisha yangu nilikupatia weye. Sikuipatia salle."

Mkewe alianza kukunja nguo za watoto kabla hatujamaliza. Amekwisha kuhama mara nyingi, mikono yake inajua. Mume akaniuliza yule mtu ni mrefu? Ana kovu? Anaongea Kiswahili cha wapi? Sikujua. Nilikumbuka koti tu. Mimi ninayejisifu kwamba nasikiliza watu.

Nikamwomba asiniambie wanakoelekea. Alinitazama kama vile hakuwa na mpango wa kuniambia. Kisha akamwaga maji kwenye moto wa tanuri. Unga uliokwisha kuumuka ulibaki kwenye karai.

Jumatano, 13 Agosti

Mama wa uwanja wa ndege ametangaza kwamba tanuri la Lac Vert limefungwa na watu wake hawapo. Alisema akinitazama. Wote walinitazama. Yule wa banki aliuliza kama na yake naisimulia mahali. Kikao kiliisha mapema. Dereva alichukua karatasi yake mezani akaondoka nayo.

Alhamisi, 14 Agosti

Kila pikipiki ikipunguza mwendo nje, najua wamekuja. Inapita. Nyingine inakuja. Nimehamia kwa dada yangu, nimemwambia paa linavuja. Kiangazi hiki! Hakuuliza zaidi.

Jumatatu, 18 Agosti

Amerudi.

Nilikuwa nafagia salle, wengine hawajafika. Koti lile lile. Amekonda, macho ya njano. Alifunga mlango nyuma yake, nikarudi nyuma hadi kwenye benchi.

Hakukaa. "Mama, na miye nilizikaka manguo."

Anasema alimtaka mtu wa mikate ili amuulize mtu anaanzaje upya. Siku mbili alizunguka Kanyaruchinya akitafuta tanuri ambalo halipo. Kisha malaria ikamlaza. Simu hana tena, aliiuza.

Huenda ni kweli. Huenda ndivyo wanavyotumwa waseme. Nimemwangalia usoni kwa muda, nami kazi yangu ni kuangalia nyuso, na sijui. Kama ni kweli, hadithi ilifika kwa mtu aliyeihitaji, na mimi nimezima tanuri la watu kwa sababu ya koti. Kama si kweli, basi mtu wa mikate yuko hai huko aliko, na mimi ndiye nimebaki hapa na huyu. Aliniuliza mtu wa mikate yuko wapi. Nikasema sijui. Nilishukuru kwamba sijui.

Akavuta kiti. Akaweka mikono magotini, jinsi wanavyofanya wote. "Miye nilizaliwaka..."

Nikamwambia asiendelee. Miaka sita nafanya kazi hii, sijawahi kumzuia mtu. Nilimwambia asinieleze alikotoka, asinieleze jina, asiandike kitu. Nisichokijua hakiwezi kunitoka. Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango wa kanisa. Kisha akalia, bila sauti. Sikumwambia anyamaze na sikumwambia yatapita.

Alipomaliza nikamuuliza anajua kufanya nini kwa mikono. Kushona viatu, akasema, kidogo. Nikamwelekeza kwa fundi nyuma ya parokia. Aliaga vizuri. Nikaendelea kufagia upande uliobaki.