Bote Zisizovuja

Kamembe, Rusizi

Kwako mdogo wangu Asumani, na kwa Mama ambaye bila shaka ameketi karibu nawe akingoja kusikia jina lake,

Assalaam alaykum. Nawaulizia hali kabla sijasema yangu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Ule uvimbe umeshuka, au bado anaudanganya kwa maji ya chumvi na kusema ni uzee tu? Watoto wa dada wamepona surua? Mimi mwilini sina ugonjwa, namshukuru Mungu. Mama asisikilize wanaosema nimekonda. Mtu anayekula visamaki vya sambaza kila siku hakondi, huishia kunuka samaki tu.

Mvua ya huku mwaka huu haina adabu. Banda letu la mafundi viatu, nyuma ya soko, linavuja pande mbili, na sisi mafundi watano tunagombania pakavu kama kuku. Mkubwa wetu bado ni Mzee Saidi, yule aliyenipokea nilipofika kutoka Kasongo na mfuko mmoja. Anamsalimia sana Mama ingawa hajawahi kumwona.

Barua yako ilinifika. Unasema unaanza kutembeza chumvi na sabuni vijijini, siku nne kwa miguu, mito mitatu isiyo na daraja na kile kinamasi tulichokuwa tukikiogopa utotoni. Unaniomba bote ndefu za mpira, zile za karibu na goti, "zisizoingiza hata tone". Maneno hayo niliyasoma mara mbili, kisha nikatoka nje nikasimama kwenye mvua.

Asumani, mpaka hapa soma kwa sauti. Kuanzia hapa soma kimya. Mama akiuliza, mwambie kaka anaeleza mambo ya viatu. Hutakuwa umesema uongo. Ndiyo maana sikupiga simu: mtandao wenu unashika juu ya kichuguu nyuma ya msikiti, na ukipanda pale nusu ya mtaa inapanda nawe.

Nimeua mtu. Sikumpiga wala sikumgusa. Nilimzibia bote.

Aliitwa Deo, au Papa Neema kwa jina la binti yake, Mkristo wa Bukavu aliyehamia huku na mke wake. Kila wiki alipokea sambaza kwa wavuvi wa Nkombo, mke akazikausha uani, naye akazibeba kwenye kapu hadi vilima vya Gikundamvura. Gari lilimshusha barabarani, na kilichobaki kilikuwa cha miguu yake: vilima, matope ya mashamba ya mpunga, na kuvuka mto Rubyiro pale penye maji ya mapajani. Zamani alikuwa mlevi wa kulala mtaroni. Miaka miwili iliyopita alisimama kanisani mbele ya watu wote akaapa kuacha, na akaacha kweli. Mke wake alikuwa akiringa kwa hilo kuliko wengine wanavyoringa kwa vitenge.

Siku moja huyo mke alikuja bandani na bote zake chini ya kwapa.

"Fundi, angalia ii bote ya bwana yangu. Inatoboka pembeni. Kila safari anarudiaka na miguu ya kuloba, ngozi inatoka sawa ganda ya kiazi. Uzibe muzuri, mayi isiingie tena. Na asijue, nataka ashangae."

Niliziangalia. Na niliona, Asumani, hili ndilo linaloninyima raha. Matundu yalikuwa manne, mawili kila bote, chini ya kifundo. Yote ya mviringo, ukubwa mmoja, kingo zimeyeyuka kama za kitu kilichochomwa na msumari wa moto. Mwiba hautoboi hivyo. Nilipaswa kuuliza yametoka wapi. Lakini fundi akiona tundu haulizi historia yake, anatafuta kiraka. Nilikwangua kwa msasa, nikapaka gundi, nikabandika vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, nje na ndani.

Sisi pale bandani tuna desturi yetu. Bote ikizibwa hatuitumbukizi kwenye maji. Tunaijaza maji mpaka juu, tunaitundika kwenye nguzo ya mbele tangu adhuhuri hadi alasiri, na kila anayepita anaangalia chini kama pameloa. Za Deo zilining'inia saa zote hizo na vumbi la chini yake halikubadilika rangi. Mzee Saidi aliita mpaka wauza nyanya waje waone.

"Hata tone moya! Huyu mutoto wa Kasongo iko na mukono!"

Nilifurahi kama mjinga. Nilikuwa nimetundika bote iliyojaa maji, nikaisifu kwa kuyashika yasitoke, na akili yangu haikwenda hatua moja zaidi.

Deo aliondoka nazo kesho yake. Siku ya tatu mvua ilipiga vilimani, mto ukajaa. Waliokuwa wakipalilia mpunga walimwona kwa mbali akiingia majini na kapu kichwani, kama alivyofanya mara nyingi. Wanasema alifika katikati akaanza kuyumba. Aliinua mguu mmoja kwa taabu, akasimama, akayumba tena, akaenda upande. Walimpata chini zaidi, kwenye matete. Nilikwenda matangani nikaketi na wanaume, na mmoja wa waliomtoa akasimulia kwamba walipozivua zile bote walimwaga maji na mchanga "sawa mu bidon", yaani kama kutoka kwenye dumu. Nilisikia, lakini bado sikuelewa. Watu nao walichukua neno moja tu: aliyumba. Kabla ya mazishi mtaa mzima ulikuwa umeshakubaliana kwamba Deo alirudia pombe. Baba yake mzazi, aliyevuka kutoka Bukavu, alikataa kungoja siku ya kumaliza matanga. Alisema hakuzaa mtoto ili aje amlilie mlevi.

Wiki moja baadaye mchuuzi mwingine wa sambaza aliniletea bote yake nibadilishe kisigino. Nayo ilikuwa na matundu mawili, palepale. Nilipochukua gundi alinishika mkono.

"Apana, fundi! Ayo usiguse. Ayo njo mulango ya mayi kutokea. Ukiziba, mu muto inajala, mayi inakuvuta sawa mawe. Siye wote ba ku milima tunatobolaka."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akicheka kwamba fundi wa mjini hajui mguu. Nilimaliza kisigino chake sijui vipi.

Sasa fikiria uko mahali pangu. Nikinyamaza, Deo anabaki mlevi kaburini. Nikisema, mwanamke aliyenijia na bote kwapani kwa mapenzi atajua mikono yake ilileta nini. Nilizunguka na jambo hilo siku tisa. Swala nilisali, lakini ukiniuliza nilisoma sura gani sikumbuki. Mzee Saidi, nilipomwambia, alisema funika kombe mwanaharamu apite. Nilitamani sana kumtii.

Kisha nilikutana na Maman Neema sokoni akaniambia, bila mimi kumuuliza, "Fundi, naanza kuamini. Alinidanganya mbele ya Mungu. Kukufa, Mungu njo anapanga. Lakini kunidanganya?" Macho yake yalikuwa makavu, na hilo liliniogopesha kuliko machozi.

Nilimfuata nyumbani. Alikuwa uani anageuza sambaza juani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: msumari wa moto, kiraka, maji yaliyojaa, kwa nini aliyumba. Nilimwambia kosa ni langu kwa sababu mimi niliona na sikuuliza. Alinisikiliza mkono ukiwa bado juu ya samaki.

"Donc hakukunywa," alisema.

"Hakunywa, Maman."

"Hakukunywa." Alikaa chini, palepale kwenye udongo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ile asubui nilimupa ile bote, aliangalia weee. Nikamuuliza, haupendi? Akasema, merci Maman, fundi anafanya kazi ya muzuri. Akavala." Akainua uso. "Alijua, fundi. Alijua, akavala tu juu yangu, nisisikie mubaya."

Aliniambia niende, nikaenda.

Jumapili iliyofuata sikuwapo, ila jirani yangu Beatrisi anasali nao na alinieleza. Wakati wa matangazo Maman Neema alisimama mbele, mahali Deo alipoapia, akasema: "Bwana yangu hakukufa mulevi. Mayi ilijala mu bote. Ni miye nilizibisha matundu yake. Mukilaumu, mulaumu miye." Akarudi kuketi. Hakutaja jina langu wala banda letu. Mkwe wake, baba wa Deo, alipata habari, akavuka tena, akalia juu ya kaburi kama inavyostahili.

Lakini Asumani, ulimi wa watu hauna likizo. Deo sasa ni msafi, na mke wake ndiye aliyemuua. Wanawake aliokuwa akikausha nao sambaza wamehamisha mikeka. Wengine wanasema alizibisha kwa makusudi. Neema, binti yao wa miaka kumi, ameulizwa shuleni kama mama yake ni mchawi. Na mimi wateja wangu wanaongezeka, kwa sababu soko lote linakumbuka zile bote zilivyoning'inia bila kuvuja.

Kwa hiyo bote sikutumii. Katika kifurushi alicho nacho dereva aliyekuletea barua hii utakuta raba za turubai za kufunga kwa kamba. Nimezishonea soli ya tairi yenye meno, kwa ajili ya utelezi, na pembeni nimetoboa matundu. Mtu wa kuvuka mito asitafute kiatu kinachozuia maji kuingia, yataingia tu. Atafute kinachoyaruhusu kutoka. Bote vaa kwenye tope lisilo na mto mbele yake, basi. Sandali za tairi ni nzuri majini, ila kinamasi kinazinyonya mguuni, labda uzifunge kisigino. Ngozi usiiguse: ikiloa ni nzito, ikikauka inakukata. Usivuke peku hata ukiona mchanga, kuna visiki. Kila ukipumzika kausha vidole, paka mawese, vaa soksi kavu nilizokuwekea. Na mto ukiwa na rangi ya chai, keti ungoje. Chumvi haiozi.

Jumapili hii nitaingia kanisani kwao. Nimemwambia Mzee Saidi, akanijibu kwamba nitalifunga banda zima kwa mdomo wangu. Huenda. Sijui hata kama wataniruhusu kusimama, mimi Mwislamu na kofia yangu. Lakini mwanamke yule amebeba lake na langu, na la kwangu ndilo zito. Nitasema jina langu na la baba yetu, niseme niliyaona yale matundu.

Nisalimie Mjomba imamu, umwambie aniombee bila kumweleza ni nini. Msalimie dada na wanawe, na Bibi wa upande wa pili ambaye bado ananiita mchumba wake. Mkeo mwambie shemeji yake anamheshimu. Nawe, akikupa kitu na hakikufai, mwambie hakikufai. Asikie vibaya siku moja, lakini akuone ukirudi.

Kaka yako,
Ramazani