Gia ya Nne Mlimani

Jumamosi, jioni. Njombe leo ukungu haukuinuka kabisa. Nimejifunika mablanketi mawili na bado natetemeka. Labda si baridi.

Mume wangu Daudi alipofariki, ndugu zake walikaa kikao wakaamua pikapu yetu ibaki kwangu, ili mradi niweze kuiendesha mwenyewe hadi kwa mama mkwe, Makambako. Mdogo wake, Festo, akajitolea kunifundisha. Nilimshukuru mbele za watu. Nilimwombea hata kanisani.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Festo kakaa kushoto kwangu, wifi yangu Neema nyuma. Njiani Festo alikuwa ananiambia weka tatu, weka nne, nami naweka. Gari lilikwenda vizuri. Nikaanza kujisikia mtu.

Tukafika kwenye mlima, mbele yetu lori la mbao linajikokota.

"Weka nne," akasema.

"Shemeji, gari linatetemeka."

"Nne! Mimi na wewe nani anajua gari?"

Nikaweka nne. Pikapu ikakohoa, ikazimika, ikaanza kurudi nyuma. Basi lililokuwa nyuma yetu likapiga honi ndefu. Neema akapiga kelele. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Nilipogeuka, Festo alikuwa ameshika simu, anarekodi.

Alikuwa anacheka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakukosea. Wiki zote zile alikuwa ananifundisha ili nishindwe mahali pabaya.

Nikiri kitu. Niliona hajafunga mkanda. Nikawaza: nikishika kasi kisha nikakanyaga breki ghafla, kioo kitamalizana naye. Niliwaza hivyo kwa raha, kama mtu anayewaza chakula. Neema ndiye aliyenizuia, kwa kuwa tu alikuwamo.

Nikawasha tena. Namba moja, nikaachia klachi taratibu mpaka gari likashika. Mbili. Akasema, "Tatu." Nilibaki kwenye mbili mpaka juu, na injini ilipoanza kulia kwa nguvu ndipo nikaweka tatu. Hadi Makambako sikumsikiliza tena. Nilisikiliza gari. Likilalamika kwa sauti nyembamba napandisha, likitetemeka nashusha. Halikuzima tena hata mara moja.

Nilipoliegesha kwa mama mkwe, ndugu wakitungoja uani, nilitaka kulia kwa furaha.

Mama hakunitazama. Akamuuliza Neema, "Ameweza?"

Mimi na Neema tulilia pamoja msibani. Neema alimsikia Festo kwa masikio yake.

"Limezima mlimani, mama," akasema. "Nusura tufe."

Basi. Hakusema lingine. Festo akaipitisha simu yake, kila mmoja akajionea. Nilijaribu kueleza, mjomba mmoja akaniambia nisigombane na familia kwa ajili ya chuma.

"Mpe shemeji yako ufunguo, mwanangu," mama mkwe akasema, kwa upole kabisa. Kisha akaniwekea ugali na nyama, akanihimiza nile nishibe.

Nilikula. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Festo akanipeleka stendi kwa pikapu ya mume wangu. Kwenye mwinuko mdogo kabla ya stendi akashusha gia, laini kabisa, akanigeukia.

"Unaona, shemeji? Kwenye mlima unashusha mbili mapema, kabla gari halijachoka. Siku ukinunua lako usisahau."

Nilishuka, nikasema asante. Kwa nini nilisema asante?

Nimefika nyumbani, mwanangu Upendo akakimbilia dirishani kuchungulia uani.

"Mama, gari liko wapi?"

"Liko kwa baba yako mdogo."

"Litarudi lini?"

Nimemwambia akanawe. Jumatatu nitaamkia mahakama ya mwanzo, nikafungue mirathi ya baba yake, nao kina Festo wakamjibu mtoto swali lake mbele ya hakimu.