Sahani ya Halua ya Masuma

Rinkeby, Stockholm
Machi 1976

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umeshapona, na kama bado, basi acha ubishi, utulie kitandani. Mimi mzima. Kazi ya kuhudumia wagonjwa naendelea nayo, na baridi nimeizoea kwa kuinung'unikia kila siku.

Nilikuandikia habari za jirani zangu wa mlango wa pili, Wahazara kutoka milima ya Afghanistan, waliofiwa na binti yao Masuma, mtoto wa miaka minane. Aligongwa na lori la mikate akivuka barabara. Dereva alisema mtoto alikurupuka taa ikiwa nyekundu, polisi wakamwamini, jalada likafungwa. Nawe jua kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha kungoja taa ya kijani, akimshika mkono kila asubuhi. Hataki fidia, wala hataki dereva afungwe. Anataka iandikwe kwamba mwanawe hakukosa. Wamemzungusha ofisi hadi ofisi, mie nikimsindikiza kwa kuwa Kiswidi changu kina nafuu. Nimelia naye, mama, sikufichi.

Siku ya arobaini mkewe akapika halua. Si kama yetu. Ya kwao ni unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta, ukatiwa sukari na iliki. Tukagawa jengo zima. Wengine walipokea kwa mashaka, maana hapa jirani ni wa kusalimiana ngazini tu, tena kama kaamka vizuri. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, anayeshinda dirishani na paka wake, akaniuliza sahani aifanyeje. Nikamjibu kwa utani kwamba kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Unakumbuka siku niliyoirudisha tupu ya Bi Asha, ukanichapa, ukanirudisha kwake na maandazi huku nalia?

Kumbe bibi wa watu kalishika neno langu. Siku ya tatu akabisha hodi kwa akina Masuma, nami nipo, sahani imeoshwa inang'aa. Hakuketi. Akasema, nami nikiwafasiria kwa Kiswidi chepesi na ishara:

"Sikupata cha kuweka humu. Lakini siku ile nilikuwa dirishani. Mtoto alisimama, taa ikawaka kijani, ndipo akavuka. Hakuna aliyekuja kuniuliza, nami nikaogopa kujiingiza."

Nilimkasirikia kwa kunyamaza siku zote hizo. Lakini Mama Masuma alimshika mikono yote miwili, hasira zikaniishia.

Sasa jalada limefunguliwa, na mwezi ujao bibi atatoa ushahidi. Hakimu ataamuaje, hatujui. Ila Baba Masuma ameanza kula. Na jana Mama Masuma alikaanga halua tena, akamshushia bibi kwa sahani ileile. Anasema ilirudi imejaa.

Nisalimie shangazi mshonaji, mjomba fundi baiskeli, na Bi Asha, mwambie kipigo kile kimefaa. Nawe ukimaliza sala, mtaje Masuma kwa jina. Mtoto yule alingoja taa.

Mwanao akupendaye,
Zuhura