Wekundu wa Askari wa Jiwe

Jumatatu, 3 Februari
Theluji tena. Basi mbili mpaka karakana. Nimefagia, nimemwaga taka. Bosi wangu Shirin, Muirani, anakarabati mawe ya kale ya makumbusho. Sasa hivi kuna askari kachongwa kwenye jiwe, katoka kwenye ukuta wa jumba la wafalme wa zamani huko kwao. Ana mkuki. Ndevu zimesokotwa kama za saluni. Anatazama pembeni, lakini nikipita naona ananiangalia mimi.

Jumanne, 4 Februari
Nimeona uchafu mwekundu kwenye mikunjo ya kanzu yake. Shirin hakuwepo. Nikachukua mswaki na sabuni, nikasugua mpaka ukatoka. Shangazi, ninayekaa kwake, aliniambia siku ya kwanza, kazini usingoje kutumwa. Jiwe limependeza. Nimefurahi.

Jumatano, 5 Februari
Haukuwa uchafu. Shirin kasema ni rangi. Wafalme wale walipaka mawe yao rangi, na ile ndiyo iliyokuwa imebaki. Zaidi ya miaka elfu mbili. Mimi dakika kumi.
Shirin kapiga kelele, kauliza nani. Nikainama nifunge kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa.

Alhamisi, 6 Februari
Anayeoshaga mawe ni Tenzin, Mtibeti wa mtaa wa Parkdale. Kasema siyo yeye. Shirin haamini, kamrudisha nyumbani. Tenzin ana mtoto mchanga.
Naogopa. Nikisema, wataita polisi. Karatasi zangu za kukaa nchi hii bado. Watanirudisha kambi ya wakimbizi Kigoma.
Shangazi kaniona sili. "Amisi baba, kula basi! Huo ugali umekukosea nini?" Nimeshindwa hata kucheka.

Ijumaa, 7 Februari
Sijalala. Kila gari jeupe naona ni la polisi.
Nimefika mlangoni kwa Shirin mara tatu, nikarudi kwenye ufagio. Ya nne nimeingia. Kiingereza chote kimekimbia. Nikainua mswaki, nikajigonga kifua. Mimi. Mimi.
Kaupokea mswaki, kauweka mezani. Halafu kachukua simu. Nikajua ni polisi.
Kampigia Tenzin.

Jumatatu, 10 Februari
Tenzin karudi. Hanisalimii. Sawa.
Shirin kasema mimi nifagie tu, jiwe nisiguse. Wenye jiwe wameandikiwa. Hawajajibu.
Mchana Shirin kaniita, kanipa lenzi. Chini ya mkono wa askari, ndani kabisa ya mkunjo, kumebaki wekundu kidogo. Kama punje ya ulezi. Nimeangalia muda mrefu. Nimebana pumzi, usije ukapeperuka.