Machipukizi ya Mama Moraa

Ekerenyo, Jumatatu, Aprili 1971

Nilidhani leo nimefukuzwa. Mama Moraa, mwenye shamba, alinikuta nikikata machipukizi ya migomba kwa panga akapiga kelele, "We Mkamba, unaniulia watoto!"

"Mama, wamebanana mno. Ndizi zitanenepa wapi? Tubakishe mgomba mama, binti na mjukuu."

Akaliangalia lile shina, akacheka. "Kweli. Mimi nilizaa tisa nikabaki mifupa." Kisha akaninyooshea kidole. "Kata mstari huu tu. Mikungu ikitoka myembamba, urudi kwenu Machakos."

Sasa mvua inapiga mabati. Nikifumba macho naona mkungu ukijaa polepole gizani, mzito hadi mgomba unainama, na mke wangu anaupokea kwa mikono miwili.

Ujae tu. Nyumbani mvua haijanyesha, na wanangu wanalishwa na panga hili.