Nesi Kwenye Foleni ya Sabuni

Mjukuu wangu Nyangeta, salamu kwenu Kigera.

Wengi hukosea kuipima kazi kwa mshahara tu, na baba yako ni mmojawapo. Jana hapa Bunda tulipanga foleni ya sabuni juani. Mfanyabiashara wa ng'ombe akamcheka nesi wa zahanati: "Kazi gani hiyo, kufua mashuka ya wagonjwa?"

Nesi akamjibu: "Siku ukiugua, baba, utajifulia."

Kina mama wakaangua kicheko, wakamsogeza nesi mbele: "Pita, mama, umetuzalisha sote!" Tajiri alibaki nyuma na pesa zake.

Mungu akutunze. Baba yako akikasirika, na akasirike. Mimi niko upande wako. Ukishaisoma kadi hii, mwambie leo leo kwamba unakwenda kusomea unesi.

Babu yako