Haikuwa Malaria Iliyomuua Simiyu

Mtaa wa Fedha,
Nairobi.

Kwa ndugu yangu Wanjala,

Pokea salamu zangu na za wote walio katika nyumba hii. Nataraji wewe na mkeo mu wazima, kwamba mahindi yameshaingia ghalani, na kwamba ngiri yako haikusumbui kupita kiasi unapoinama. Sisi hatujambo. Naliandika neno hilo nikijua uzito wake, kwani wiki chache zilizopita nisingeweza kuliandika.

Ningekupigia simu, lakini wewe huyajibu maneno kabla hayajaisha. Isome barua hii hadi mwisho, maana inahusu upasuaji wako wa ngiri.

Mjukuu wangu Nekesa, yule anayesuka watu nywele hapa mtaani, aliumwa na tumbo upande wa kulia. Hospitalini wakasema ni kidole tumbo, apasuliwe siku hiyo hiyo. Daktari wa usingizi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, akatuuliza kama katika ukoo wetu yupo aliyewahi kupata shida alipolazwa usingizi wa upasuaji. Binti yangu akajibu bila kusita, "Hakuna, daktari. Baba mdogo alifariki, lakini yeye alikuwa na malaria." Nami nikaitikia kwa kichwa.

Nekesa akaingizwa. Haukupita muda mrefu tukaona wauguzi wakipita mbio na barafu, na hakuna aliyetutazama usoni. Baadaye ndipo tulipoelezwa. Alipovuta hewa ya usingizi, misuli yake yote ilikakamaa, taya likabana, moyo ukaenda mbio, na mwili ukapanda joto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Wakaifunga hewa ile mara moja, wakampa dawa iitwayo dantrolini. Ni unga wa rangi ya machungwa unaokaa katika vichupa, na kila kichupa hutiwa maji na kutikiswa sana kabla ya kudungwa mshipani, kwa kuwa unga huo hauyeyuki upesi. Vilihitajika vichupa vingi. Daktari anasema hata wauguzi wa chumba cha pili waliitwa kuja kutikisa. Dawa hiyo huilegeza misuli, na misuli ikilegea, joto nalo hushuka. Si kila hospitali huiweka. Hii ilikuwa nayo, ndugu yangu, ndiyo maana nakuandikia nikiwa nimetulia.

Hali ilipotengemaa, daktari akaja kuketi karibu nami.

"Mzee, huyo aliyekufa kwa malaria, ilimkuta wapi?"

"Hospitalini," nikasema. "Alikwenda kuungwa mguu."

"Kabla ya kulazwa usingizi au baada?"

"Akiwa amelala mezani."

"Na mwili ulikuwaje?"

Nikamweleza kama alivyotueleza Nafula, mke wa marehemu ndugu yetu Simiyu: ulichoma mkono, na meno yalikuwa yameumana hata kijiko hakingepita.

"Mzee," akasema, "hiyo haikuwa malaria."

Wanjala, unajua kwetu. Mwili ukichemka, jina lake ni malaria, na hakuna anayeuliza zaidi. Tena Nafula alikuwa ameifunika miche yake ya sukumawiki kwa neti ya kitanda, basi tukapata na wa kulaumiwa. Mama, Mungu amrehemu, alilisema jambo hilo hadharani siku ya mazishi. Hata leo, katika harusi zetu, watu hunong'ona, "Ndiye yule wa neti." Habari ya meno yale Nafula aliisema mara moja tu, akaambiwa anyamaze.

Daktari anasema hitilafu hii imo katika misuli nayo hurithiwa. Mtu aweza kulima na kucheza mpira miaka yote asijue anayo, mpaka avute hewa ile au adungwe dawa fulani inayotumiwa pamoja nayo. Simiyu alikuwa nayo, na Nekesa anayo. Basi imepitia kwangu, na huenda wewe nawe unayo. Najua utasema, "Kaka, mimi ni mzima kama trekta." Simiyu naye alikuwa mzima.

Sikukatazi upasuaji. Ziko dawa nyingine za usingizi zisizoleta shida hii, na ipo sindano ya mgongoni. Lakini daktari wako sharti aambiwe mapema, ili aiweke dantrolini karibu au akupeleke iliko.

Nekesa amesharudi nyumbani. Mwanzoni hakuweza kuinua kikombe, na mapaja yalimuuma kana kwamba amelima shamba zima. Nilipoingia wodini alifumbua macho akasema, "Babu, sasa." Unajua nisivyoipenda salamu hiyo. Nikajibu, "Poa." Mama yake alicheka mpaka akalia, na Nekesa akanong'ona, "Mmeona? Babu amekuwa kijana wa mtaa." Sasa ameanza tena kusuka, ila huketi kwenye kiti akimaliza kila mstari.

Nisalimie mkeo, na mchungaji wetu, na shangazi yetu mwenye kuuza mitungi sokoni. Mwambie mwanao wa kwanza kwamba habari hii ni yake pia.

Limebaki moja. Simiyu alipokufa, mimi nilikuwa kazini huku na wewe ulikuwa shambani. Aliyekuwa pale ni Nafula peke yake. Daktari wako atakapouliza, huna la kumjibu ila kwa kinywa cha Nafula. Basi nenda kwake. Usisimame uani, ingia, keti, ule atakachokuandalia. Mwambie kwanza habari ya neti, kwamba tulimsingizia, na umwache anyamaze au alie apendavyo, ndipo umwombe akusindikize hospitalini. Usianze na ngiri yako.

Salamu zake sikuzitia katika barua hii. Nitakuja kumpa mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Barasa